Dawa za injini kwa gari kuukuu: soma dalili kwanza, chupa baadaye

Ingia duka lolote la spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, useme gari lako linatoa moshi. Kuna uwezekano mkubwa utauziwa chupa kabla hujaulizwa moshi wenyewe ni wa rangi gani. Rafu za nyuma ya kaunta zimejaa: dawa ya kusafisha injekta, ya kuongeza oktani, ya kuzuia moshi, ya kuziba uvujaji, ya "kurudisha" kompresheni, yaani presha ya kubana ndani ya silinda. Baadhi zinafanya kazi kweli. Nyingine zinafanya kazi vizuri tu, ila kwa ugonjwa ambao gari lako halina.

Haya ni ya wenye magari ya petroli ya namba za KA na KB: Corolla, Nissan B15, Premio za kwanza, na wale wachache wanaong'ang'ana na Peugeot 504 ya mzee. Dizeli ina sehemu yake mwishoni.

Dawa ya injini ina uwezo wa mambo mawili ya kweli: kuyeyusha uchafu na kulainisha mpira uliokauka. La tatu, kuifanya oili iwe nzito, ni kuficha kuliko kutibu. Chuma kilicholika hakirudi, na koili ya cheche iliyokufa haifufuliwi na kitu kinachomiminwa. Kwa hiyo kila dalili iulize swali moja: hapa kuna uchafu, mpira, chuma, au umeme?

Moshi wa bluu, oili inapungua

Usiseme "linakula oili" kabla hujapima. Egesha mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha vuta kijiti, jaza hadi alama ya juu na uandike kilomita zilizo kwenye mita. Pima tena baada ya kilomita 1,000. Watengenezaji wengi huichukulia lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mwisho wa kuvumilia. Injini ya miaka 20 ikipunguza robo lita kwa safari hiyo, nunua oili ya kujazia uendelee na maisha. Hakuna dawa itakayokurudishia pesa hapo.

Kisha angalia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka mwingi unapowasha asubuhi na kuisha baada ya muda mfupi, oili imeshuka usiku kupitia sili za valvu. Ni hivyo hivyo ukiteremka Mai Mahiu kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, halafu ukikanyaga huko chini aliye nyuma yako anapotea kwenye wingu la bluu. Mguu ukiwa juu, injini huvuta kwa nguvu, na sili zilizochoka hupitisha oili hadi kwenye silinda.

Sili hizo ni za mpira, na mpira uliokaa kwenye joto miaka mingi hukauka. Dawa ya kulainisha sili, ile inayotiwa kwenye oili, hufanya mpira uvimbe kidogo. Ipe kilomita 500 hadi 1,000. Sili iliyokauka tu hurudi kiasi na moshi hupungua. Iliyopasuka haitarudi, na chupa ya pili itadhuru sili nyingine zilizokuwa salama, maana mpira uliolainishwa kupita kiasi hupoteza umbo.

Moshi unaotoka kila unapokanyaga, hasa ukipanda mlima, unaelekeza kwenye ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Hapa ndipo utasikia fundi akisema, "Mkubwa, hii injini imekwisha, tufungue tu." Usikubali hukumu hiyo haraka. Kwanza chomoa valvu ya PCV, kile kidude kinachorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, ukitikise karibu na sikio. Kizima hulia ndani. Kisicholia kimeziba, na presha iliyokosa pa kutokea inaisukuma oili popote inapopata upenyo. Kidude hicho ni rahisi kubadilisha na hakihitaji kufungua injini.

PCV ikiwa nzima, pima kompresheni, na uipime mara mbili. Mara ya kwanza silinda zikiwa kavu. Mara ya pili baada ya kutia kijiko cha oili kwenye kila tundu la plagi. Namba zikipanda sana mara ya pili, ringi ndizo zinazovujisha, kwa sababu oili imeziba nafasi kwa muda. Zisipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Kuna jambo fundi wengi wa mjini hawalihesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Injini inayosoma psi 180 kwenye geji kule pwani itasoma karibu 150 hapa bila kuwa na ugonjwa wowote. Kitabu cha mtengenezaji kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kwa hiyo usiishike namba moja moja, linganisha silinda na silinda. Tatu zikisoma 150 na moja 110, hapo kuna kazi. Zote nne zikiwa kati ya 145 na 152, anayekwambia ufanye ovaholi mwulize vizuri anaona nini.

Sasa, ringi dhaifu ni za aina mbili. Kuna iliyolika na kuna iliyonata, yaani imegandishwa na kaboni kwenye mfereji wake hadi haiwezi kutanuka. Ya kwanza inataka spea. Ya pili ndiyo mahali pekee ambapo dawa inaweza kuokoa injini. Matoleo ya mwanzo ya injini ya 1ZZ-FE ya Toyota yanajulikana kwa hili: matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, kaboni ikayaziba, ringi za oili zikanata.

Kwa injini ya namna hiyo, ipashe moto kiasi, toa plagi zote, sogeza pistoni zifike katikati ya silinda, kisha mimina dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye kila tundu, vijiko vichache tu. Funika matundu kwa kitambaa, iache ilale. Asubuhi chomoa waya za koili na za injekta, funika matundu tena, zungusha injini kwa stata plagi zikiwa bado nje. Usiruke hatua hiyo: maji maji yakibaki ndani na ukarudisha plagi, pistoni haiwezi kuyabana, na koneksheni rodi itapinda. Ikishamaliza kutema, badilisha oili na filta kabla ya kwenda popote, kwa sababu dawa imeshuka hadi kwenye sampu, sinia la oili lililo chini ya injini. Moshi wa kuwasha mara ya kwanza utawatoa majirani nje, basi usiifanyie kazi hiyo kwenye parking ya chini ya ghorofa.

Na ile chupa ya "kuzuia moshi"? Mara nyingi ni kizito cha oili. Moshi hupungua kweli, hadi oili ijayo. Kama uzito ndio unaoutaka, ni bei nafuu zaidi kununua oili ya gredi nzito kuliko kununua nyepesi na kuiongezea chupa. Ila mwenye VVT-i, kama ile 1NZ-FE ya Corolla NZE na Probox, asikimbilie huko. Mfumo wake wa kusogeza kamshafti unaendeshwa na oili inayopita kwenye kichujio kidogo na vijia vyembamba. Oili nzito hufika polepole, na gari linaanza kuvuta ovyo.

Moshi mweupe usiuchanganye na wa bluu. Asubuhi ya Julai kila gari Nairobi linatoa mvuke, na unaisha injini ikipata joto. Usioisha, huku maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Hilo ni la fundi, wala usiingie dukani kulitafutia chupa.

Linamisi, linatetemeka likisimama, halina nguvu

Hapa ndipo dawa ya petroli inapostahili sifa, na hapa pia ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vingi.

Anza na plagi. Zitoe zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi na kavu yenye masizi ni petroli kuzidi. Nyeusi na yenye utelezi ni oili, rudi sehemu ya juu. Nyeupe iliyochomeka ni joto au petroli kupungua. Tatu zikiwa kahawia na moja nyeusi, hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke kwa jirani yake. Tatizo likihama na koili, umepata mwizi wako bila kununua kitu.

Baada ya umeme, safisha throto bodi, mlango wa kuingizia hewa, angalia mipira ya vakyumu kama imepasuka, badilisha filta ya hewa. Gari linalopita barabara ya vumbi kila siku huziba filta kabla ya muda wa kitabu.

Yote hayo yakiwa sawa, na bado injini inatetemeka na kula petroli kuliko zamani, shuku injekta na valvu za kuingiza hewa. Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ina PEA, yaani polieteramini. Kemikali hiyo huondoa kaboni hata kwenye joto la ndani ya silinda, na ndiyo iliyomo kwenye Techron na dawa nyingine chache za maana. Chupa isiyosema kilichomo, yenye harufu kali ya mafuta taa, mara nyingi ni hayo hayo mafuta taa yaliyotiwa rangi.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Chupa ya kawaida imetengenezwa kwa tangi la lita 40 hadi 60. Sisi tunaweka mafuta ya elfu moja, ambayo kwa bei za miaka hii hayafiki lita 6. Ukimimina chupa nzima hapo, mchanganyiko ni mkali mara nyingi kuliko ulivyokusudiwa, na sehemu ya dawa itapita kwenye ringi hadi kwenye oili. Jaza tangi siku hiyo, au mimina sehemu ya chupa kulingana na lita ulizoweka. Wakati mzuri ni tangi la mwisho kabla ya sevisi, ili oili iliyopokea uchafu imwagwe mapema. Mara moja kwa mwaka, au kila kilomita 10,000, inatosha.

Gari lenye injini ya kupuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, kama GDI ambayo Mitsubishi walianza kuitengeneza 1996, au D-4 ya Toyota, ni kesi nyingine. Petroli haigusi nyuma ya valvu za kuingiza, basi dawa ya kwenye tangi haiwezi kuziosha hata ukitumia katoni nzima. Itasafisha injekta tu. Kaboni ya valvu huondolewa kwa kufungua manifoldi na kuisugua.

Na ikiwa gari lilikuwa sawa jana, likaanza kumisi leo baada ya kuweka mafuta, usinunue dawa. Dondosha matone ya petroli hiyo kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi hukauka haraka bila kuacha doa. Ikiacha alama ya mafuta, kuna mafuta taa ndani. Ni kipimo cha nyumbani, si cha maabara, lakini kinatosha kukufanya ukimbie kituo hicho. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuchanganya, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hupima vituo na kutangaza vilivyokamatwa. Orodha hizo zinafaa kusomwa kuliko maandishi ya chupa.

Linagonga

Kugonga ni kwa namna tatu na zina tiba tofauti kabisa.

Mlio mwepesi wa juu, kama sarafu zinazotikiswa kwenye kopo, unaotokea ukikanyaga kwa gia kubwa mlimani na kunyamaza ukilegeza mguu, ni petroli inayowaka kabla ya wakati. Watu hukimbilia dawa ya oktani, yaani ya kuifanya petroli isiwake mapema. Lakini hewa nyepesi ya Nairobi inapunguza presha ndani ya silinda, na injini inahitaji oktani ndogo hapa kuliko ingehitaji ikiwa pwani. Gari linalogonga hivyo ndani ya Nairobi lina shida nyingine: taimingi imesogezwa, plagi si za gredi yake, injini inapata joto kupita kiasi, kaboni imejaa juu ya pistoni, au mafuta yamechanganywa. Kaboni ndiyo pekee kati ya hizo inayosikia dawa, na ni ya PEA, si ya oktani. Nyingi za oktani zina manganizi, ambayo huacha unga mwekundu kwenye plagi na kuisumbua sensa ya oksijeni. Kama gari hunyamaza hapa na kugonga ukifika Voi, hapo angalau oktani ina hoja.

Mlio wa tik-tik kwenye kifuniko cha valvu ni tapeti, vidude vinavyosukuma valvu. Uliza kwanza injini yako ina tapeti za aina gani. Zile zinazojirekebisha kwa presha ya oili, kama za 4G63 ya Mitsubishi, hulia zikishikwa na uchafu, na oili safi pamoja na dawa ya kusafisha tapeti huzinyamazisha mara nyingi. Lakini 5A-FE na 1NZ-FE za Toyota hazina kitu hicho: nafasi ya valvu hupimwa na kurekebishwa kwa mkono. Chupa ya tapeti kwenye injini hizo ni sadaka kwa mwenye duka.

Mlio mzito wa chini, unaofuata mzunguko wa injini, ni beringi za krankishafti. Taa ya oili ikiwaka nayo, zima. Usitie kizito, usiendeshe hadi nyumbani kwanza. Fundi apime presha ya oili kwa geji, kwa sababu pengine ni sensa tu, na pengine ni kichujio cha sampu kilichoziba.

Oili nyeusi, tope chini ya kifuniko

Fungua kifuniko cha kutilia oili, umulike ndani kwa tochi. Rangi ya dhahabu au kahawia ni uzee tu. Ukiona tope jeusi limejenga kwenye kuta, injini imeishi kwa sevisi za kuruka. Msongamano wa Mombasa Road ni sehemu ya sababu: mita inahesabu kilomita 20 huku injini imefanya kazi saa mbili. Mwenye kukaa kwenye foleni kila siku asisubiri hata hizo 5,000 zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gereji.

Dawa ya kuosha injini, ile inayotiwa dakika 10 kabla ya kumwaga oili, ni nzuri kwa injini ambayo tayari ni safi kiasi. Kwa yenye tope zito siipendi. Tope halitayeyuka lote, litang'oka vipande, na vipande vitakwenda kukaa kwenye kichujio cha pampu. Injini iliyokuwa chafu lakini hai inakosa oili njiani. Afadhali oili ya kawaida yenye sabuni nzuri, uibadilishe na filta yake kila kilomita 1,500 hadi 2,000, mara kadhaa, tope liondoke kidogo kidogo. Na uichunguze sili ya kopo kabla hujalipa, kwa maana oili bandia ipo. Kopo tupu litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa hiyo bandia.

Uvujaji nauweka hapa kwa ufupi. Oili inayochuruzika kutoka kifuniko cha valvu ni gasketi, ibadilishe, ni kazi ya muda mfupi. Inayotoka kati ya injini na gia boksi ni sili ya nyuma ya krankishafti, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi. Hiyo ndiyo inayostahili kujaribiwa dawa ya kulainisha sili kwanza.

Zinazoweza kubaki dukani

Dawa zinazoahidi kupaka chuma utando usiolika, hasa zenye PTFE (Tefloni), zina historia. Mwaka 1997 watengenezaji wa Slick 50 walifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyokuwa imewashtaki kwa matangazo yasiyo na ushahidi. Oili yoyote nzuri tayari ina kinga yake dhidi ya msuguano, iliyopimwa pamoja na kemikali nyingine zote zilizomo.

Wenye 504, Beetle na Land Rover za zamani wana hoja ya kweli kuhusu zinki, ZDDP, kwa kuwa kamshafti zao husugua tapeti bapa. Oili nyepesi zenye alama ya ubora ya API ya kuanzia SM zimepunguziwa fosforasi, iliyomo kwenye ZDDP, ili kuilinda kataliti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Lakini kikomo hicho hakizibani gredi nzito kama 20W-50, na hiyo ndiyo injini hizo zimezoea. Soma kopo kabla ya kununua chupa ya zinki.

Dawa ya kuchukua nafasi ya risasi ilikuwa na soko petroli ya risasi ilipoondoka nchini kufikia mwanzo wa 2006. Hedi za aluminiamu zina viti vya valvu vilivyopachikwa, haziihitaji.

Dizeli

Hilux na Hiace za zamani zina pampu ya kuzunguka, inayolainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli ya Kenya ilishushwa hadi salfa ya sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na viwanda hurudisha utelezi kwa kuongeza kemikali. Yakichanganywa mafuta taa, utelezi huo hupungua na pampu ndiyo huumia kwanza. Dawa ya dizeli yenye kulainisha pampu na kusafisha injekta inasaidia hapo, na usitumie ya petroli kwa kubahatisha. Moshi mweusi usiopungua baada ya filta mpya na matangi mawili yenye dawa, ng'oa injekta zikapimwe presha kwenye mashine.

Maji hayatibiwi kwa chupa. Legeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, mwaga kwenye chupa ya plastiki iliyo wazi, uiache itulie: maji hukaa chini, dizeli juu. Yakitoka mara moja, funga uendelee. Yakitoka tena wiki ijayo, angalia kifuniko cha tangi, na ukikikuta kizima, badilisha kituo.